Nguzo Isiyoliwa na Mchwa

Lambwe,
Jumanne jioni.

Kwako Mama yangu mpendwa Orpah,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, kwa Pamela, na kwa wajukuu wako ambao kila jioni huuliza nyanya atarudi lini. Mguu unaendeleaje? Lynnet ameniambia plasta imetolewa na tayari unataka kutembea hadi sokoni hapo Masara ukawafundishe wauza mboga kupanga sukuma wiki. Tafadhali tulia kwa dada yangu. Huo mfupa si wa msichana. Sisi huku ni wazima, mvua imenyesha vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nakujua. Ukikasirika hukata simu kabla mtu hajamaliza kusema, lakini barua huwezi kuikata. Rafiki yangu Clifford anakuja huko kesho kuwaletea mahindi, naye atakupa hii mkononi. Wiki iliyopita ulimuuliza Pamela kama panya wameingia kwenye nyavu za baba, zile ulizozifungia stoo tangu tulipomzika. Pamela akasema niulizwe mimi. Nitakujibu, haki ya Mungu, ila nisome polepole kama ninavyosimulia. Usiruke kwenda mwisho!

Mama, nimejenga! Mwanao ana boma lake! Tulijenga Jumapili, si Jumamosi, kwa hiyo usianze na mambo ya Sabato. Ninapoandika haya naona mabati yangu yakimetameta, na nimeshatoka nje mara nyingi kuyatazama mpaka Pamela ananicheka.

Sasa nikueleze kuhusu nguzo. Unakumbuka zizi letu lilivyolala chini na ng'ombe wakiwa ndani? Mchwa wa Lambwe hawana adabu. Unazika nguzo nzuri ya mti, mwaka haujaisha unaisukuma kwa kidole. Halafu unaenda kukata mti mwingine, na vilima vinazidi kubaki uchi. Nilishaapa kwamba boma langu sitawapikia mchwa chakula.

Ndiyo sababu nilijiunga na kikundi cha Magunga kinachoongozwa na Marion, yule aliyekuwa akikaanga mandazi karibu na stendi. Tunaokota chupa, mitungi iliyopasuka, ndala, mabeseni, kila kitu cha plastiki ambacho watu hutupa. Tunaosha, tunasaga, tunayeyusha pamoja na mchanga kwenye mashine yetu, kisha tunashindilia ndani ya bomba la chuma. Ikipoa, inatoka nguzo! Nyeusi, nzito, na msumari unaingia bila kuipasua. Mara ya kwanza kuiona ikitoka nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Usidhani ni mchezo wa vijana wasio na kazi. Mbuzi wa Zilpah, jirani yetu, alipokufa tulimpasua tukakuta mfuko wa plastiki umejiviringa tumboni kama mpira. Mtaro wa soko la Magunga ulikuwa umezibwa na chupa, mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye magunia ya watu. Sasa mtaro unapitisha maji, na wale wale waliotuita wazimu wanatuletea takataka zao wenyewe, wengine wakidai washukuriwe.

Basi turudi Jumapili. Wewe unajua mila zetu zilivyokuchosha tangu ulipoolewa kutoka Kisii. Mwana akitoka kwenda kuanzisha boma, baba yake ndiye humtangulia na kushika nguzo ya kwanza, na nyumba lazima isimame kabla jua halijazama. Kwa kuwa baba hayupo, ilibidi tumwombe kaka yake, Baba Mkubwa Oyaro. Alikuja asubuhi na kofia yake ile ya msibani na harusini. Mimi nilibeba jogoo, kijana wangu shoka, Pamela moto. Mama, kifua kilinijaa.

Ila nilifanya ujanja wa kijinga. Nilijua Baba Mkubwa hapendi mambo mapya, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo niliipaka ile nguzo ya kwanza udongo ili ifanane na mti. Alipoishika, udongo ukabaki mkononi mwake. Akaigonga kwa ukucha. Akainusa! Kisha akauliza mbele ya watu wote huu ni mti gani usio na gamba wala harufu. Nikasema ukweli. Akaiachilia ikaanguka. Alisema hajawahi kusikia boma la ukoo wake likisimamishwa juu ya chupa ambazo watu wamekunywa soda wakatupa, na kwamba yeye hatashika takataka kwa niaba ya marehemu ndugu yake.

Akachukua fimbo yake. Akiondoka yeye, hakuna mwingine wa kusimama mahali pa baba, na siku ikipita nimerudi kukaa kwenu kama mtoto. Mafundi walikaa chini. Pamela alibaki ameshika chungu cha moto, machozi yanamtoka, akisingizia moshi.

Nikamkimbilia Baba Mkubwa nikamnong'oneza jambo moja sikioni. Alirudi, akapiga magoti pale pale kwenye matope, akafuta udongo kwenye nguzo kwa kofia yake, ile kofia! Akaipapasa kwa kidole toka juu hadi chini. Alipoinuka alikuwa ameibeba nguzo peke yake, mzee yule, na kila aliyetaka kumsaidia alimfukuza. Tangu hapo tulifanya kazi tukiimba. Msumari wa mwisho wa mabati ulipigwa jua likiwa bado juu ya vilima, na jogoo akalala ndani.

Sasa nakujibu swali lako. Nyavu za baba haziko stoo. Nilizichukua mwezi uliopita bila kukuomba ruhusa, kwa sababu ungesema hapana.

Nisikilize kabla hujamwita Lynnet. Baada ya mazishi watu walikushauri uzitupe ziwani, ukakataa, na ulikuwa na haki. Wavu uliotupwa hauachi kuvua. Unakaa kule chini ukinasa samaki wasioliwa na mtu, wanaoza humo humo. Baba mwenyewe alikuwa akizitoa nyavu za namna hiyo majini huku akimtukana aliyezitupa. Kuzichoma nako ni moshi tu. Na stoo, Mama, panya walikuwa wameshazaa ndani yake. Nilizikata vipande, nikavichanganya na plastiki ya nguzo moja tu, ile ya kwanza. Marion alinionya kwamba uzi wa nyavu ni mkaidi, hautayeyuka wote, utaonekana. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka.

Nilichomnong'oneza Baba Mkubwa ni kwamba baba yumo. Jioni, tukila, aliwaambia watu kwamba wasimshukuru yeye, kwani yeye alikuwa msaidizi tu, mwenye mtoto alikuja mwenyewe akashika nguzo.

Kama umekasirika, kasirika, nitakuja Masara nipige magoti. Lakini kwanza njoo uone. Ukifika mlangoni, inama upande wa kulia, karibu na chini. Utaona nyuzi za kijani za baba, na katikati yake ule uzi mwekundu ulioutumia wewe kumshonea nyavu zilipochanika, ukilalamika kwamba anakumaliza macho. Mchwa hawatauweza. Mlishika nguzo wote wawili, Mama.

Nisalimie Lynnet na shemeji, uwaambie mahindi ni ya kuchemsha, wasiyaanike. Pamela anakuombea kupona, na kitanda chako tayari kimetandikwa ndani ya nyumba mpya. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao, mwenye boma,
Jacktone.