Migomba Langoni

Kamukuywa
8 Novemba 2003

Kwa binti yangu Nanyama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima ila mgongo unaniuma, na wa kulaumiwa ni wewe. Tangu juzi nimeinama nikipaka nyumba udongo kwa ajili ya wakwe zako wanaokuja kujitambulisha. Chini nimepaka mwekundu, juu ule mweupe wa mtoni, na katikati nimechora kwa vidole yale mawimbi uliyokuwa ukiyafuata kwa kidole badala ya kulala.

Siku yenyewe nitatandaza nyasi mbichi sakafuni. Wekoye, kijana wa jirani, atanikatia migomba tuisimamishe langoni, ili kila anayepita barabara ya Kitale ajue kwangu kuna wageni. Marehemu baba yako angesema nimezidisha. Nimezidisha, ndiyo. Binti nina mmoja tu.

Mama yako,
Nabwile

Kitale
15 Novemba 2003

Mama mpendwa,

Habari za nyumbani? Sisi huku ni wazima. Pole na mgongo.

Mama, usikasirike, lakini si ungeniuliza kwanza? Kwa kina Ngari wangu ni nyumba ya mawe, zulia kila mahali. Mamake, Mama Nyaguthii, huona vumbi kabla ya kumwona mtu. Nikifikiria viatu vyake kwenye sakafu ya mavi ya ng'ombe, silali. Nimekutumia maputo, ribboni na maua ya plastiki. Tafuta fundi apake kuta rangi ya mafuta, hata ya kijivu. Na hiyo migomba achana nayo. Tutachekwa.

Mwanao,
Nanyama

Kamukuywa
20 Novemba 2003

Nanyama,

Nashukuru kwa salamu. Mgongo umepoa kidogo.

Maputo nimewapa watoto wa jirani, yamepasuka yote na vipande bado naviokota kwenye mboga. Migomba yangu sherehe ikiisha ng'ombe anakula. Nyasi ni mbolea. Hayo maua yako nitayapeleka wapi? Na huyo anayekuja kukagua ukuta, ni mkwe au ni fundi?

Sipaki rangi. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa njooni, jogoo nimeshamchagua. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu, nikikungoja uwaambie, "Huyu ndiye mama yangu." Hilo tu ndilo nataka.

Mama yako

Kamukuywa
1 Desemba 2003

Nanyama,

Sikuulizi hali yako, maana niliiona ikipita.

Nilikuwa nimesimama langoni, katikati ya migomba, na gauni langu la kanisani. Magari yakaja, yamefungwa ribboni. Nikapiga vigelegele, nikainua mikono. Hata breki hamkukanyaga. Wekoye akasema, "Hawa wamepotea bana, watageuza pale sokoni." Tukangoja. Nyasi zikanyauka sakafuni. Waliokuwa wakipita waliona migomba wakaniuliza, "Mama, wageni wako wapi?" Nikawaambia wako njiani.

Jana kanisani ndipo nilipoambiwa mlikuwa Kibabii, kwa baba yako mdogo Walubengo, kwenye nyumba ya vigae. Ati mkewe Phelista ndiye aliyekaa kiti cha mama. Ati wageni waliambiwa mimi ni mgonjwa.

Ulikuwa dirishani, upande wangu. Nilikuona ukiinama kuangalia magoti yako. Mimi nilikuwa mzima, Nanyama. Nilikuwa mzima kabisa na nilikuwa na furaha.

Nabwile

Kitale
2 Agosti 2009

Mama mpendwa,

Natumai hujambo. Hujajibu barua zangu miaka hii yote, na simu niliyokutumia naambiwa haijawahi kuwashwa. Niliona aibu, Mama. Bado naona.

Nimejifungua tena msichana. Wa kwanza alipewa jina la mamake Ngari, na kwa desturi yao wa pili huchukua jina la mama wa mke. Kwa hiyo anaitwa Nabwile. Tutambatiza mwezi ujao.

Hapa Kitale siku hizi plastiki kwenye sherehe ni ushamba. Watu wanataka udongo, nyasi, migomba, ati kutunza mazingira. Mama Nyaguthii mwenyewe aliona picha gazetini akataka ubatizo upambwe hivyo. Nikamwambia mama yangu ndiye mwenye kazi hiyo. Anataka tuje kwako tupige picha kuta, halafu tukuchukue uje utupambie. Tafadhali kubali. Safari hii tutasimama.

Mwanao anayekupenda,
Nanyama

Kamukuywa
19 Agosti 2009

Nanyama,

Salamu. Anayeandika ni Wekoye, maneno ni yangu. Mkono wa kulia ulikufa mwaka jana, na mguu wa upande huo pia.

Nyumba haina cha kupiga picha. Niliposhindwa kushika udongo, kina mama wa kanisa walichanga wakanipakia kuta rangi ya mafuta. Ni ya kijivu. Mawimbi yako yako chini yake.

Mtoto mbatizeni, jina nimempa kwa moyo mweupe. Lakini kwenye ubatizo sitakuja, na nyinyi msije. Mkwe wako akiuliza mama yako yuko wapi, mwambie ni mgonjwa. Safari hii hutakuwa umedanganya.

Nabwile