Mkono wa Efrazia kwenye ukuta wa ghala

Zulfa, acha kila kitu usome hii. Mwalimu Shumbana amemvamia Efrazia sasa hivi hapa Endasak. Yule yule aliyemchania daftari la michoro darasa la sita! Mimi sijasahau.

Unajua Efrazia anachora mwanamke anayelima kwenye ukuta wa ghala la kikundi cha wamama. Miezi miwili amekuwa akimpapasa mama yake mkono shambani, ajue ile mifupa miwili chini ya kiwiko inavyopishana kiganja kikigeuka chini.

Basi Shumbana, mtaalamu wetu, kafika. Efrazia kampa shikamoo, hakuitikia. Katoa picha ya mkono aliyotoa kopi kitabuni, kiganja kimetazama mbele. "Wako umevunjika. Futa ukuta wote!" Ukuta wote, Zulfa! Mbele ya wamama!

Mama Efrazia akapandisha sweta, akashika jembe. "Mwalimu, tazama wangu." Unajua alijibu nini? "Basi na wako una kasoro, mama." Una kasoro! Mkono uliolisha watoto saba!

Efrazia akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, tulimie kama picha yako inavyosema." Na yule bwege akakubali! Akashika mpini viganja juu kama anapokea sahani ya makande, akainua, jembe likamponyoka likaangukia buti lake. Bado akasema jembe ndilo bovu!

Mwenyekiti wa wamama akamsogezea Efrazia ngazi: "Panda mwanangu, malizia na mkono wa pili."