Mlevi wa Kwenye Kaseti

Mtoni, Temeke
Jumatatu, 12 Agosti 1996

Kwako mwanangu Farhan,

Nakusalimu salamu za mama, na marahaba kwa shikamoo zako zote ulizotuma na zile ulizosahau kutuma. Afya yako inasemaje huko Maskati? Unakula, au unashindia chai na mkate kama ulivyozoea? Kile kifua chako cha utotoni kimekuacha? Sie huku tu wazima kwa kadiri tulivyojaliwa, na hiyo kadiri ndiyo ninayotaka kukueleza, kwa hiyo kaa chini usome vizuri, usiruke mistari.

Ukiona mwandiko umelala chali usimtafute mwandishi mwingine. Ni mie. Barua hii nimeianza tangu Jumatano, naandika mistari michache kila asubuhi mpaka shingo inaniuma. Na nakutaka radhi kwa jambo moja, naandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kutawadhia chooni, nakuandikia nao mwanangu wa kumzaa. Ndiyo maana juu ya karatasi hukuona jina la Mungu, nimelisema kwa mdomo tu.

Ndugu yako Ismail alikuandikia kwamba niliteleza bombani nikateguka mkono. Uongo ule ni wangu, nilimwamuru mie, usimgombeze. Kweli yenyewe ni kuwa kumi la mwisho la Ramadhani, napakua uji wa futari, upawa ukanitoka mkononi, nikauinamia kuuokota, nikaangukia pale pale. Upande wa kulia wote ukalala. Daktari akasema ni kiharusi, presha ilipanda. Majirani wakasema ni upepo mbaya. Nikanywa dawa ya daktari na kombe la shehe, nisije nikamkosea yeyote. Sikutaka ujue kwa sababu nakujua wewe, ungeacha kazi ya watu ukaja kunikalia kitandani unalia, na mie kulia nisharudi kutoka huko.

Sasa naenda chooni na kurudi kwa fimbo bila kushikwa. Mguu unaburura lakini unafika. Kula nakula peke yangu chumbani, maana sitaki mtu aone mkono gani unaingia kwenye sahani. Muuguzi mmoja, Benedicta, alinipa donge la matambara niwe naliminya, tena akaniambia kila asubuhi nisome chochote kwa sauti. Kuminya nikaminya. Kusoma nikakataa, nikamwambia mie nilimaliza ngumbaru yeye hajaota meno, na kilicholala ni mkono, si mdomo. Akanitazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikuupenda ule utazamaji.

Kutoka hapo watu wakabadilika. Lulu, mke wa Ismail, nikisema naye ananisogezea sikio kama kiziwi, kisha anaitikia ndiyo mama, halafu anakwenda kufanya kingine kabisa. Muuza duka wa hapo kona, ambaye namjua tangu anaendesha baiskeli ya kukodi, siku hizi ananiambia nimwonyeshe kwa kidole ninachotaka. Nikajiambia, haya, umeugua, wamekuona huna nguvu, heshima wanakupunguzia kidogo kidogo. Nikawa nawaangalia wote kwa jicho la pembeni.

Ndipo ikaja hiyo redio kaseti yako. Mwinshehe uliyemtuma aliileta mwenyewe, na kitu cha kwanza nilichokiona ni gundi ya boksi. Chini kahawia, juu nyeupe. Mtu hafungi mzigo mmoja kwa gundi mbili. Mwinshehe akaapa kwamba wakaguzi ndio waliofungua wakafunga tena. Nikamwacha aape. Ndani kulikuwa na redio na kaseti mbili nyeusi, moja ina sauti yako na nyingine tupu ya mie kukujibu, na wewe kwa uvivu wako hukuandika chochote juu yake. Umesoma mpaka kidato cha nne halafu unashindwa kuandika neno moja kwenye kaseti.

Sauti yako tuliisikiliza ukumbini, wapangaji wakajaa mpaka mlangoni. Ulisema, mama, kama mkono unauma acha kuandika, sema tu nisikie sauti yako, maana nina miaka mitatu sijaisikia. Nikaingia chumbani nikajifuta uso kwa kanga. Nikaapa kwamba Mwinshehe akirudi huko Ijumaa hii, sauti yangu itakuwa ndani ya begi lake.

Sasa nikuulize. Huyo aliyetengeneza hiyo mashine alidhani kila mtu ana mikono miwili? Kuirekodi lazima ubonyeze batani mbili kwa pamoja, ile nyekundu na ya jirani yake. Ukitangulia moja, inakataa. Ukichelewa moja, inakataa. Nilibonyeza kwa gumba na kidole cha mkono huu wa kushoto mpaka kucha ikavunjika. Nikajaribu kuilalia kwa kiwiko, ikaanguka. Kumwita Lulu anibonyezee sikutaka, maana niliyotaka kukuambia mengine yalimhusu.

Nikampa Polikarpo. Humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka, fundi redio kutoka Masasi, Mkristo, mtu wa maneno machache, anapanga chumba cha mbele na meza yake ya kazi iko barazani. Kila asubuhi alikuwa akipita dirishani kwangu kunipa shikamoo. Alikaa na redio siku nzima, akairudisha kesho yake akasema ametia mafuta, batani sasa ni laini. Na kweli zilikuwa laini. Mchana huo nikajifungia uani chini ya kamba ya nguo, nikabonyeza, nikasema na wewe mpaka upande ukaisha. Mambo ya nyumba, mambo ya Lulu na chumvi yake, mambo ya kaburi la babako linalotaka kujengewa. Nilisema vizuri sana, Farhan. Nilijisikia kabisa nasema vizuri.

Jioni nikawaita Ismail na mkewe waje wasikie. Nikaweka kaseti. Kimya. Inazunguka, inakoroma, neno hakuna. Nikageuza upande, kimya. Nikahisi damu inapanda. Nikasema hebu niwekeeni ya Farhan angalau nipoe. Ikaanza vizuri, mama shikamoo, mie mwanao Farhan, mara ikakwaruza, na badala yako akaingia mwanamke.

Mlevi. Mtu mzima mlevi, ulimi umejaa mdomo kama amebugia ugali wa moto, anavuta maneno, anakokota, anapiga kite, huelewi anamtukana nani. Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa upande wote, na wewe mwanangu ukawa umefutwa. Nikawatazama. Ismail alikuwa anaangalia mkeka. Lulu akasema anakwenda kuanua nguo, na nguo alikuwa ameshazianua tangu alasiri.

Nikajua nimeibiwa. Maneno yangu yamefutwa, na sauti ya mwanangu imepakwa sauti ya mlevi. Aliyeshika ile mashine siku nzima ni mmoja tu, na huyo jioni za Jumamosi huenda kilabuni kunywa na watu wa kwao. Nikachukua fimbo yangu nikaenda barazani. Nilimwambia Polikarpo mbele ya wapangaji wote kwamba amemtoa mwanamke wake kilabuni akamweka ndani ya kaseti ya mwanangu ili wanicheke, na mwisho wa mwezi nataka ufunguo wa chumba changu. Alikuwa ameshika bisibisi. Akaiweka mezani taratibu. Nilitegemea abishe, nimjibu. Hakubisha. Akasema kwamba mashine ndiyo yenye kasoro, kosa lake yeye hakuiangalia vizuri, nimwie radhi. Kesho yake akaanza kufunga nyaya zake kwenye kiroba, na dirishani kwangu hakupita.

Mie nikalala nimeridhika. Nakuambia kweli, niliridhika siku nne.

Siku ya tano, watu wote wametoka, nikakutamani. Nikasema nitasikiliza yale maneno yako machache ya mwanzo, nitazima mlevi asijaingia. Lakini batani ya kuzimia nikaikosa, vidole vikateleza, mlevi akaingia. Nikakaa namsikiliza kwa hasira. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya, nikasikia mengine nyuma yake. Nikasikia vikombe vya muuza kahawa vinagongana njiani, ting ting, safi kabisa. Nikasikia kuku. Kisha nikasikia sauti ya Lulu mlangoni mwa uani, karibu, nyororo, kila neno mahali pake: "Mama, nikuchukulie kahawa?"

Na mlevi akamjibu.

Nilizima. Nikawasha tena, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Lulu anauliza, mlevi anajibu. Katika nyumba hii, Farhan, Lulu ana mtu mmoja tu anayemwita mama. Na kahawa ile niliinywa, nakumbuka ilikuwa na tangawizi nyingi.

Kwa hiyo mashine haikuharibu kitu. Kahawa imesikika sawasawa, kuku amesikika sawasawa, Lulu amesikika sawasawa. Mie ndiye niliyechanganya kaseti zako mbili zisizo na jina, nikakufuta wewe kwa mkono wangu mwenyewe, na yule mlevi ni mie. Miezi sita nasema hivyo. Muuza duka hakunidharau, hakuelewa. Lulu haitikii ovyo, anabahatisha nisiaibike. Kila mtu wa Mtoni aliijua sauti yangu isipokuwa mwenyewe.

Waliporudi sikumwambia mtu kitu. Nikamwomba Lulu apike kahawa, nikakibeba kikombe kwa mkono wangu huu mmoja, fimbo nimeibana kwapani, mpaka barazani, nusu ikamwagikia miguuni. Kumpa mtu kitu kwa kushoto sikuwahi maishani mwangu, hata mbuzi sikumpa. Nikamwekea Polikarpo mezani. Nikamuuliza kwa nini aliacha nimtukane mbele za watu wakati anajua. Akasema, "Ningesema nini, Bi Tabu? Nikwambie yule mlevi ni wewe?"

Nikamwambia anisamehe, na afungue kile kiroba, chumba ni chake. Akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia, polepole, neno moja moja, wapangaji wamesimama wanasikia. Mpaka leo nashuku alisikia mara ya kwanza. Lakini ni haki yake.

Nimekueleza yote kabla hujaiweka kaseti, kwa sababu inakuja kwako. Lulu alitaka nisiitume. Ismail akasema nisubiri nipone. Nimewaambia mwanangu aliomba sauti ya mamake na hii ndiyo iliyopo. Upande wa kwanza utamkuta mlevi, msikilize, ni mamako. Upande wa pili nimesema tena tangu Alhamisi, nikisoma kwa sauti kama Benedicta alivyoniagiza, kitabu changu cha ngumbaru. Polikarpo ananibonyezea batani na kwenda zake. Jina lako nimeliweka mwisho kabisa. Nimelisema mara tatu. Ya kwanza ni bovu, sikuifuta. Ya pili imekatika katikati. Ya tatu usiniulize mie, sikiliza mwenyewe.

Polikarpo amevunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki vya nyuma ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Na kaseti nimeishonea ndani ya kitambaa, mshono wa mkono wangu wa kushoto, umepinda, hakuna awezaye kuuiga. Ukikuta umenyooka, muulize Mwinshehe.

Nijibu kwa kaseti, nami nitaandika jina juu yake kwa kuwa wewe huwezi. Uniambie neno gani umelielewa na lipi hukulielewa. Usinidanganye, Farhan. Hapa wote wamenidanganya kwa heshima, na heshima hiyo ilinifanya nimfukuze mtu asiye na kosa. Wewe niambie kweli.

Ismail anakusalimu, Lulu anakusalimu sana, na chumvi yake sasa si mbaya. Polikarpo anakusalimu ingawa hakujui. Funika kifua usiku. Usiache kazi ya watu kwa ajili yangu, ila likizo yako ikifika usiipeleke kwingine.

Ni mie mamako, kwa mkono wa kushoto,

Tabu binti Mbwana