Benchi la Wageni Rasmi

Baba Paroko, Shehe wetu wa kata, Mwenyekiti wa mtaa, wazee, akina mama wa jumuiya, na ndugu zangu mliotoka Msata: niwieni radhi. Leo tunaondoa msiba wa mama yangu, na hotuba niliyotakiwa kuitoa nimeigeuza barua. Naomba nimsomee mwenyewe, nanyi muwe mashahidi.

Mama, shikamoo.

Pilau imeiva, nyumba imejaa, na Bibi Tekla amekwisha kulalamika kwamba chumvi haikukolea. Kwa hiyo kila kitu kiko sawa.

Nakumbuka Jumapili ya kwanza baada ya kuchaguliwa kwangu kuwa diwani. Niliketi benchi la mbele kanisani, lile lenye mito na maandishi ya "Wageni Rasmi". Zamu ya kupanga watu ilikuwa yako. Ulikuja taratibu, ukaniinamia kana kwamba unanibariki, ukasema, "Wewe mtoto, inuka. Bibi Tekla goti linamuuma, wewe unaumwa nini?" Wanakwaya walicheka hadi wimbo ukachelewa. Tulipotoka ukaongeza, "Udiwani uuache mlangoni, kama wenzetu wanavyoacha viatu msikitini."

Kisha likaja suala la chumba cha uzazi wa mpango katika zahanati yetu. Kamati ya kata iligawanyika nusu kwa nusu, ikabaki kura yangu. Waumini wenzangu walikuja kwako, wakitaka unikumbushe mafundisho ya Kanisa yanayokataza dawa za kupanga uzazi. Niliogopa, Mama. Niliogopa kura moja isije ikaninyima nafasi ya kukaa karibu nawe. Wewe uliendelea kuchambua mchele, hukuinua hata macho. "Kanisa limekufundisha wewe uishi vipi nyumbani kwako. Halikukupa ufunguo wa zahanati ya watu wote."

Nikapiga kura chumba kijengwe. Jumapili iliyofuata ulisogea, ukapigapiga ubao wa benchi kando yako. Nikakaa.

Chumba kimefunguliwa mwezi huu, hukukiona. Baba Paroko hajabadili neno. Jumapili anahubiri kama alivyohubiri siku zote, tena akinitazama mimi. Jumatatu ananipigia honi ya pikipiki yake na kuniuliza habari za nyumbani. Nami bado naishi nilivyofundishwa, ila simfungii jirani mlango.

Kwaheri, Mama yangu. Nakuahidi sitakaa mbele tena, labda goti liniume.

Sasa, ndugu zangu, uamuzi. Benchi lile la Wageni Rasmi linaondoka kanisani leo. Litakaa kwenye baraza ya zahanati, ambako wajawazito husubiri wakiwa wamesimama. Baba Paroko ameridhia, kwa sharti kwamba liwekwe upande wa chanjo, si wa chumba kile. Shehe amesema mito mipya italetwa na msikiti, na haitaandikwa kitu.

Bibi Tekla, kuanzia Jumapili utakaa nami, mahali pa Mama. Tukimaliza kula tutakwenda kulibeba. Nahitaji watu wanne wenye mabega: simameni tuwaone.