Kilima Hufungwa Mkanda

Nyumbani,
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Sisi huku tu wazima kwa maana kwamba tunaamka. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na akiulizwa hali anajibu kwamba yupo. Mimi nasoma. Muhula uliopita nilikuwa wa tatu darasani, ingawa sikuona raha yake. Anwani yako nimeipata kwa rafiki yako fundi wa pikipiki. Alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nadhani alichoka kuniona nimesimama mlangoni pa gereji bila kusema neno. Unajua nilivyo. Tafadhali usimkasirikie.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nilizichana kwa sababu zilikuwa nzuri mno. Nilijikuta natafuta maneno ya kupendeza, na maneno ya kupendeza ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo, kama utakavyoona.

Kwanza nikueleze jambo ambalo ulistahili kulijua tangu mwanzo. Waya wako haukumuua Baba.

Ni kweli uliziunganisha zile nyaya mbili chini ya kiti cha mashine ya nyasi, ili injini isizime kila mara Baba anapoinuka kuondoa jiwe. Ni kweli pia kwamba haikufaa kufanywa. Kisu kinatakiwa kisimame mara tu dereva anapotoka kitini, na msimamizi wa Baba pale chuoni hakukosea aliposema hivyo. Lakini siku ya pili baada ya ajali, pale wodini, daktari alifunua shuka, akatuonyesha mimi na Mama. Alisema nyonga na paja vimepondwa na uzito. Hapakuwa na alama hata moja ya kisu. Mashine ilimlalia, basi, na hata kama injini ingekuwa imezimwa tangu jana yake, alisema, uzito ungekuwa uleule.

Nilisikia hayo kwa masikio yangu. Na siku ya mazishi, Baba mkubwa alipokuzuia getini na kusema kwamba mkono uliounga waya hautashika koleo, nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake. Nilikuona ukitazama juu ya bega lake, ukitafuta mtu wa kusema neno. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Sasa nikueleze lile ambalo hakuna aliyeuliza: kwa nini mashine ilipinduka.

Unakumbuka Baba alivyozipa majina mashine zake. Ile ndogo ya kusukuma aliiita Mbuzi, na ile ya kukalia, yenye usukani na kiti kama cha trekta, akaiita Ng'ombe. Mbuzi unamfuata, Ng'ombe unampanda, alikuwa akiwaambia wanafunzi wa chuo wakimsimamisha kumtania. Ng'ombe alikata viwanja vya tambarare tu. Ule mteremko wa nyuma ya maktaba, unaoshuka hadi kwenye mtaro, ulikuwa wa Mbuzi miaka yote. Kisha Mbuzi akafa, nawe ukasema hafufuki, na msimamizi akaagiza mteremko ukatwe na Ng'ombe. Akaagiza pia kila mashine ibandikwe karatasi ya usalama.

Baba akaja nyumbani na kitabu cha mashine, ambacho kimeandikwa kwa lugha ambayo nyumbani kwetu naisoma mimi peke yangu. Wewe ulikuwa zamu ya gereji. Aliketi kando yangu mezani kama mwanafunzi, mikono imeoshwa, akaniomba nimwandikie yaliyo muhimu. Nikaandika kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi: usitie mafuta injini ikiwa ya moto, usipakie mtu, tazama nyuma kabla ya kurudi nyuma, okota mawe kwanza, ndipo ukate. Tulipofika kwenye mteremko Baba akasema kwamba kwa akili yake yeye angeupanda na kuushuka moja kwa moja, kama mtu anayechana nywele, maana kitini mtu husikia kwa makalio kule mashine inakoelemea. Akacheka. Nikamwambia asubiri kwanza tusikie kitabu kinasema nini.

Kitabu kilisema: kata kwa kukingama, toka upande hadi upande, kamwe usikate kwa kupanda na kushuka. Nikamsomea. Akashangaa kidogo, akasema basi, mwalimu kashasema. Na mimi, Kaka, nilifurahi sana kumsahihisha mtu mzima. Nikaona nimtungie maneno ambayo hatayasahau, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: KILIMA HUFUNGWA MKANDA, HAKICHANWI.

Aliyapenda. Aliniambia nimezaliwa na ulimi wa bibi. Kesho yake nilimsikia akiyasema bafuni, na wiki ile chuo kizima walikuwa wakiyasema, hata wapishi. Siku nane baadaye, asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, Ng'ombe aliserereka akiwa amekingama mteremkoni, akambiringisha Baba hadi mtaroni.

Siku ya nne hospitalini Baba alinishika mkono, akaniomba niende nikakibandue kile kipande cha boksi mashineni kabla hakijasomwa na mtu. Nilidhani ni homa. Hata hivyo nilikwenda. Ng'ombe alikuwa bado amelala ubavu kwenye banda, na kiboksi hakikuwa hata na mkwaruzo. Nilikibandua, nikarudi kumwambia. Akafumba macho akasema vizuri, mwanangu, sasa nenda kasome. Siku ya tisa alituacha.

Baada ya mazishi nilikifungua kile kitabu tena, nikitafuta mstari wowote kuhusu waya ambao ungekutetea. Hapo ndipo nilipoona. Chini ya kichwa cha miteremko kuna sehemu mbili. Ile niliyomsomea Baba ina picha ndogo ya mtu aliyesimama nyuma ya mashine, anaisukuma. Ilikuwa sehemu ya Mbuzi. Anayesukuma hukatazwa kupanda na kushuka asije akateleza, mguu ukaingia chini ya kisu. Ukifunua ukurasa unaofuata unamkuta mtu amekaa kitini, na maneno ni kinyume: panda na ushuke moja kwa moja; kamwe usikate kwa kukingama, mashine itapinduka.

Sikufunua ukurasa. Nilikuwa na riwaya ya maktaba iliyobaki kurasa arobaini, na kesho yake nilitakiwa kuirudisha. Hiyo ndiyo sababu, Kaka. Nimeitafuta iliyo bora kuliko hiyo, sikuipata.

Nilinyamaza miezi minne. Nilijiambia kwamba aliyekufa hafufuki kwa kusema, na kwamba wewe una ufundi wako mkononi, utaishi popote. Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini Jumanne nikitoka shule nilipita nyuma ya maktaba, nikasikia Ng'ombe anaunguruma. Wamemtengeneza. Anamwendesha yule kibarua wanayemwita Kofia, kwa sababu havui kofia hata ofisini kwa mkuu. Alikuwa katikati ya mteremko, amekingama, anaimba.

Nilipiga kelele. Mimi ambaye mwalimu huniomba nirudie jibu mara tatu, nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakatokeza madirishani. Kofia akasimamisha kisu, akaniambia kwa upole, mdogo wangu, usiogope, mimi nafuata mafunzo ya marehemu mwenyewe: kilima hufungwa mkanda. Nikamwambia maneno yale ni ya makosa. Akanikatalia. Akasema mzee alikuwa dereva wa kupigiwa mfano, kilichomponza ni waya wa mwanawe, na waya umeshatengenezwa, kwa hiyo hatari imekwisha. Kila nilipomwomba ashuke alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama yatima aliyechanganyikiwa.

Kwa hiyo ikabidi niseme. Nilisema pale juani, mbele yake na wale wa madirishani, kwamba maneno yale niliyatunga mimi kwa kusoma ukurasa usiokuwa wa Ng'ombe, na kwamba Baba aliyafuata kwa kuwa aliniamini. Kofia akazima, akashuka kwa upande wa juu, akawaita walinzi wawili wakamsaidia kuigeuza mashine taratibu mpaka tambarare. Hakunikaripia. Aliuliza jambo moja tu: kaka yako anajua?

Maneno hayana miguu lakini yalifika nyumbani kabla yangu. Jumatano Baba mkubwa alikuja, akaagiza niusome ule ukurasa kwa lugha yetu, kisha niusome tena. Mwishowe akasema kwamba si yeye peke yake aliyesema siku ile, watu wote waliona hivyo. Halafu akauliza kama kuna mtu mwenye anwani yako. Hajaomba radhi. Nadhani hajui mtu wa umri wake anaanzia wapi.

Alipoondoka nilimwomba Mama msamaha. Alikuwa anakunja nguo, na hakuacha. Aliniambia kwamba alijua. Siku ya tatu hospitalini Baba alimwambia kila kitu: kwamba alisikia gurudumu la juu linanyanyuka, akataka kugeuza, kisha akajiambia hapana, mtoto kasoma. Mama alijua hayo pale getini, Kaka, wakati unafukuzwa. Nikamuuliza ilikuwaje akaacha. Akasema alikuwa na lawama moja na watoto wawili, akampa mwenye mabega.

Kisha akasema naweza kukuandikia hayo au niyaache, atakubali lolote. Nimeyaandika. Nimechoka kuchagua ni kurasa zipi watu wasomewe.

Sikuombi unisamehe katika barua. Sitaki uandike neno zuri kwa ajili ya kunifariji. Naomba uje. Kaburi liko safu ya mwisho, karibu na ukuta, bado halijajengewa, na hakuna atakayekuzuia getini. Nimemwambia Baba mkubwa kwamba atakayekuzuia nitamsomea ukurasa. Kama hutaki kuniona, nitajie siku tu, nami siku hiyo nitabaki shuleni mpaka jioni.

Rafiki yako fundi anakusalimu, na Kofia pia, ingawa hamjuani sana. Mama hajaniambia nikusalimie. Amekaa karibu nami tangu nilipoanza kuandika, hawezi kusoma, na kila nikifika mwisho wa mstari ananiuliza kama hapo ndipo lilipo jina lako.

Ni mimi,
mdogo wako.