Kumi Iliyoachwa

Jumatano, Jadida

Na ni yeye aliyenifundisha! Bi Raya, mkuu wangu wa maabara, ndiye aliyenikalisha mbele ya mashine ya kupima rangi ya maji kwa mwanga siku yangu ya kwanza. Rangi ikikoza sana, akaniambia, yazimue kwa maji safi hata yawe mara kumi, pima, kisha jibu lizidishe kwa kumi. "Ukiacha kuzidisha, umewadanganya watu."

Maji ya kisima kipya cha Kengeja, nilipoyatia dawa ya kuonesha chuma, yalikoza rangi ya machungwa hata mwanga haupiti. Nikayazimua, nikapima, nikazidisha. Chuma kimepita kiwango, tena mbali.

Leo nimeiona ripoti waliyopelekewa wenye mradi wa kisima. Ile kumi haimo, na chuma kinaonekana kiko ndani ya kiwango. Na chini, penye aliyepima, jina langu.

Nikamwendea. Hakuinua hata uso. "Mwanangu, hiyo ndiyo namba iliyosomwa na mashine. Mimi sijaongeza kitu."

Kweli, hajaongeza. Na mimi miaka yote hii namwita mama.

Jioni shangazi akapiga simu kutoka Kengeja. Chai inageuka kama wino, kanzu nyeupe zinatoka na madoa ya kutu, lakini sheha, mkuu wa mtaa wao, kawasomea ripoti na jina langu kalitaja mbele ya watu. Alikuwa na furaha kama ya arusi.

"Basi kama wasema weye maji ni mazima, tutayanywa."

Ile kumi nikaimeza, nikamuuliza ule mguu wake unaomsumbua unaendeleaje.