Aliyetoka Nje kwa Ajili ya Tata

Kapata, Kolwezi
Zaïre
Tarehe 9 Julai 1978

Mpendwa mdogo wangu Kabeya,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kifua chako kimepona ile baridi ya Liège? Sisi tuko hai, Mungu asifiwe. Wazazi wetu ndio hawana nguvu: Mama miguu inamsumbua. Tata anakula kidogo sana.

Umesikia habari za vita. Nyumba yetu imesimama, ila mlango ulivunjwa.

Kuna jambo ninalokawia kulisema. Mademoiselle Helvi, yule Mfini aliyekufundisha Kifaransa, amekufa.

Unakumbuka alivyokwenda kwa miguu mpaka Musonoi na Mutoshi, akiuliza jina la kila kitu, ili awaandikie watu wa kwao habari za safari zake. Mwaka huu alikuwa akitafsiri hadithi za Bibi kwa Kifini. Yeye na Mama walibishana juu ya neno moja mpaka bukari ikapoa sahanini.

Vita ilipoanza tulimficha chumbani mwako. Watu wenye bunduki wakaja kutafuta wazungu. Tata akawaambia hakuna. Hawakuamini. Wakamtoa nje, wakampigisha magoti penye bomba la maji.

Mama alimshika Helvi gauni. Helvi akajitoa taratibu, akasema, “Mama, uniache.” Kisha nikamsikia huko nje, kwa Kiswahili chetu: “Mumuache huyu tata. Muzungu munatafuta ni mi.”

Wakamwacha Tata, wakaenda naye. Tulimkuta nyuma ya shule, amepigwa risasi. Tata alichimba kaburi peke yake. Alikataa kusaidiwa.

Mama yake Helvi yu hai, huko kwao Oulu, Ufini. Mchungaji alitaka kumwandikia kwamba ilikuwa risasi iliyopotea njia, asiumie zaidi. Tata, ambaye siku hizi hasemi na mtu, akasema: “Hapana. Musimudanganye. Kabeya aende kule, amwambie mutoto wake alikufa sababu ya mi.”

Basi nenda, mdogo wangu. Wewe uliye huko Ubelgiji ndiye uliye karibu. Usimwambie ukiwa umesimama mlangoni. Kaa naye kwanza. Akitukasirikia, nyamaza, ana haki. Akikupokea, umwombe ruhusa sisi tumwite mama.

Shangazi Mbombo na Ntumba wanakusalimu. Mungu akutangulie njiani, akupe maneno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Bilonda